Asubuhi Ambayo Baromita Haikupanda

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa dakika nne. Mkuu wa Kituo, mzee mrefu kutoka Tabora, aliitikia shikamoo yangu bila kuondoa macho kwenye saa ya ukutani.

"Binti, sasa ni saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika nne, mzee."

"Saa tatu kamili, watu wa kazi hii popote walipo walikuwa wamesimama mbele ya vipimajoto vyao. Wote wamesoma hewa ya dakika moja. Wewe ungesoma hewa nyingine, isiyolingana na ya mtu yeyote." Akanikabidhi penseli. "Kesho uwe hapa saa mbili na nusu."

Sikuchelewa tena mpaka nilipostaafu. Naanza na hilo ili ninyi vijana mnaosoma habari hizi mjue kwamba nilikuwa mfanyakazi mzuri. Nitakayoyaeleza huko mbele hayakutokea kwa sababu ya uvivu au ulevi. Yalitokea nikiwa nafanya kazi kama nilivyofundishwa.

Kituo chetu kilikuwa kidogo, pembeni mwa mji wa Moshi. Jina lake naliacha, maana baadhi ya watu wake wako hai. Kilikuwa na ofisi ya vyumba viwili na uwanja wa nyasi uliozungushiwa waya. Katikati ya uwanja kilisimama kibanda cheupe cha mbao chenye kuta za luva, vibao vyembamba vilivyoinamishwa, ili hewa ipite na jua lisiingie. Ndani yake mlikuwa na vipimajoto viwili. Kimoja kilikuwa kikavu. Cha pili kilivishwa kitambaa cha pamba kilicholowa maji, na tofauti ya namba zao ilituambia unyevu ulioko hewani: zikiachana sana, hewa imekauka, zikikaribiana, hewa imejaa maji. Nje palikuwa na kipimamvua, kopo la shaba lililofukiwa nusu ardhini, na mlingoti wenye vikombe vinavyozungushwa na upepo. Ofisini, ukutani, ilining'inia baromita, ambayo hupima uzito wa hewa iliyo juu yetu.

Mawingu hayakuwa na kifaa. Mawingu tulisoma kwa macho. Tuliligawa anga mafungu manane, tukakadiria mangapi yamefunikwa, na mawingu ya aina gani, na yako kimo gani. Kisha kila kitu kiligeuzwa kuwa makundi ya tarakimu tano tano na kutumwa kwa redio makao makuu, Dar es Salaam. Huko ndiko walikokaa watabiri, watu wa ramani kubwa. Sisi tuliitwa waangalizi.

"Mwangalizi anaandika kilichopo," yule mzee aliniambia wiki ile ya kwanza, akinionyesha namna ya kuishika rejista isiingie matone. "Mtabiri anasema kitakachokuwa. Ukianza kuchanganya hayo mawili, hakuna atakayekuamini kwa lolote."

Niliyaona maneno ya busara. Bado nayaona hivyo, na ndiyo maana yananielemea.

Mwaka wa pili nilipelekwa chuo. Mkufunzi wetu wa mawingu alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini, aliyesomea nchi za baridi, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa mpaka wa hewa ya joto. Alichora ubaoni kabari, kama ile ya kupasulia kuni. "Hii ni hewa ya baridi," alisema. "Ni nzito, inalala chini. Hewa ya joto inakuja nyuma yake ikiisukuma, lakini haina nguvu ya kuipindua. Inafanya nini? Inaipanda. Inapanda taratibu, na kila inapopanda inapoa, na ikipoa maji yake yanageuka mawingu."

Mpaka wa namna hiyo, alituambia, una mwinuko mlalo wa mamia ya kilomita, kwa hiyo mtu aliyesimama mbele yake anaona dalili siku nzima kabla ya mvua. Zinakuja kwa mpangilio. Kwanza sirasi, nyuzi nyeupe za juu kabisa, kama pamba iliyochambuliwa kwa vidole. Halafu sirostratasi, utando mwembamba wa chembe za barafu unaolizungushia jua duara la mwanga. Halafu altostratasi, wingu la kijivu ambalo jua huonekana ndani yake kama kwa nyuma ya kioo kichafu. Mwisho nimbostratasi, wingu zito la chini, lenye mvua isiyo na radi, isiyo na haraka, inayonyesha kutwa kucha.

"Ngurumo inakutisha, unakimbia," alisema. "Hii haimtishi mtu. Inakukuta umezoea."

Nilinyoosha mkono. "Mwalimu, na sisi Moshi tunayo mipaka hiyo?"

"Hamna. Inataka hewa ya baridi kutoka upande wa ncha za dunia, na huku karibu na ikweta haifiki ikiwa na umbo hilo. Lakini kwenu kuna mlima. Hewa ya joto iliyojaa maji ikitoka baharini ikaukuta Kilimanjaro, itafanya nini?"

"Itapanda."

"Basi. Mlima wenu unafanya kazi ya kabari. Ukiyaona mawingu hayo yanafuatana namna hiyo kwenu, usiandike kwamba ni mpaka wa hewa ya joto, utakuwa umekosea. Ila usiyadharau."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari.

Baada ya chuo nilipangiwa Singida, ambako niliandika sufuri ya mvua miezi na miezi, halafu Same, chini ya Mkuu wa Kituo mwanamke ambaye hakuwahi kuniita kwa jina langu, ila "Mwangalizi." Niliporudi Moshi nilikuwa mwangalizi mwandamizi. Nilipanga vyumba viwili mtaa wa Majengo, jirani na fundi wa masufuria aliyeanza kugonga nyundo yake mara tu baada ya swala ya alfajiri, na nyundo hiyo ndiyo iliyoniamsha kwenda zamu.

Mkuu wa Kituo safari hii alikuwa kijana aliyenizidi elimu, mdogo kwangu kwa umri, mtu wa Mbeya, mpole, aliyeniita dada. Hakuwa mtu mbaya. Kabla ya kuja kwetu aliwahi kuwa na mwangalizi aliyewaambia wakulima kwamba mvua iko karibu. Wakapanda, mvua isije, mbegu zikakaukia ardhini. Barua ya kujieleza ilimfikia yeye, si yule mwangalizi. Kwa hiyo alibandika karatasi juu ya redio, kwa mwandiko wake: KITUO HIKI HAKITOI UTABIRI. Mtu akipiga simu kuuliza kama aanike kahawa yake, tulimsomea utabiri wa makao makuu, neno kwa neno, na kukata.

Sasa niseme habari za mdogo wangu Elia. Ndiye aliyenifuata kuzaliwa. Alibaki kwenye kihamba cha baba, shamba letu la migomba na kahawa juu ya mji mdogo wa Kwa Sadala, na mkewe Aika na watoto wao watatu. Upendo alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule, Godlisten anamfuata, na Baraka hajaacha ziwa. Kahawa ilipoyumba Elia alianza kupanda mlima kama mpagazi, akibeba mahema na vyakula vya wageni kichwani. Alikuwa mtu wa kucheka. "Nyumba yetu ina bahati," alizoea kusema. "Dada anautazama mlima, mimi naukanyaga."

Siku hiyo ilikuwa kabla ya masika, kipindi cha jua ambacho wageni hupenda kupanda. Nilifika zamu alfajiri. Saa kumi na mbili nilisoma vifaa, hakuna jambo. Kulipokucha vizuri niliona sirasi upande wa mashariki, nyuzi nyingi, zikielekea kwetu. Nikaziandika.

Kuna jambo la baromita ambalo msomaji lazima alijue. Katika nchi zetu uzito wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, bila kukosa, jua liwake au mvua inyeshe. Asubuhi hupanda mpaka karibu saa nne, kisha hushuka mpaka alasiri. Mwangalizi aliyezoea anaweza kukisia saa kwa kutazama zebaki tu. Siku hiyo nilipokwenda kusoma saa tatu kamili, zebaki haikuwa imepanda. Ilikuwa imeshuka kidogo chini ya nilivyoiacha alfajiri. Nilifuta kioo kwa kitambaa, nikasoma tena. Nikatoka nje. Vipimajoto viwili vilikuwa vimekaribiana. Nilipoinua uso, anga lote lilikuwa limevutwa utando, na jua lilikuwa ndani ya duara.

Nilituma namba zangu. Kisha nikaenda kwa Mkuu.

"Mkuu, baromita haijapanda."

Alikuja mwenyewe akasoma. "Umetuma?"

"Nimetuma."

"Basi wanayo."

"Naomba tuwapigie simu. Sirasi tangu alfajiri, sasa sirostratasi, upepo umegeukia mashariki. Nadhani kuna kitu baharini kinasukuma hewa huku kwetu. Ikiupanda mlima..."

"Dada." Alisema kwa upole. "Tuwapigie kuwauliza kama wamesoma tulichowatumia? Wana namba za nchi nzima mbele yao. Sisi tuna dirisha moja. Utabiri wa leo unasemaje?"

Nilichukua karatasi nikamsomea. "Jua kwa vipindi. Mvua nyepesi sehemu chache za miinuko."

"Huo ndio utabiri," alisema, akarudi mezani kwake. Mlango aliuacha wazi.

Haijafika saa nne Elia akaingia. Gari la wapagazi lilikuwa linawasubiri mjini, naye alikuwa na muda kidogo, akaona apite anisalimie. Nilimmiminia chai kwenye kikombe changu. Alikuwa na begi mgongoni na koti la mpira begani, koti zito la mtumba lililofika magotini, lenye kofia yake.

"Aika kanibebesha hili," alisema. "Nimemwambia wakati huu hakuna mvua, hasikii. Zito hili, tangu kule nyumbani limeniunguza bega." Akalitupa kwenye kiti. Kisha akachungulia dirishani. "Dada, jua leo lina duara. Ni kitu gani?"

"Mawingu ya barafu. Yako juu sana."

"Huko juu kukoje siku hizi sita?"

Nilitazama mlango wa Mkuu. Nilikuwa na karatasi bado mkononi. "Utabiri unasema jua kwa vipindi, mvua nyepesi sehemu chache za miinuko."

"Nakuuliza wewe. Siiulizi redio."

"Mimi si mtabiri, Elia."

Alicheka, kama alivyokuwa anacheka kwa kila kitu. "Haya, mama serikali. Basi koti nakuachia. Nikirudi nalipitia."

"Libebe tu."

"Kwani kutakuwa na mvua?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Nimeishi nayo tangu siku hiyo, na naijua kila upande. Ningeweza kumwambia nilichokiona. Hakuwa mkulima aliyepiga simu, alikuwa mtoto wa mama yangu, anakunywa chai ndani ya kikombe changu. Ningeweza kutoka naye nje ya uzio na kumnong'oneza. Lakini nilikuwa nimetoka kuambiwa na mkubwa wangu kwamba huo ndio utabiri, na moyoni nilijua kuna uwezekano nimekosea, na niliona aibu kukosea mbele ya mlango ulio wazi.

"Nyepesi," nilisema.

Alilitundika koti kwenye msumari nyuma ya mlango, akanywa chai yake ikaisha, akaondoka.

Saa sita mchana niliandika altostratasi, mafungu manane kati ya manane. Jioni wingu lilikuwa limeshuka na mlima haukuonekana tena, hata vilima vya chini. Mvua ilianza usiku na asubuhi yake ilikuwa bado inanyesha vilevile, bila radi, bila upepo wa maana. Makao makuu walibadilisha utabiri siku hiyo. Elia na wenzake walikuwa wameshapita msitu.

Kwa siku tatu kazi yangu ilikuwa kutoka uwanjani, kufungua kile kipimamvua, kumimina maji kwenye glasi ya kupimia na kuandika. Milimita niliziandika kwa usahihi. Nilijua kila ninachokimimina, huko juu kinaanguka kingi zaidi, na kwa wale waliopita miti kinaanguka kikiwa theluji juu ya nguo zilizokwisha kulowa.

Walioteremka walitueleza. Mahema yalilemewa. Wapagazi walikuwa wamelowa tangu usiku wa kwanza, na hakuna aliyekauka. Siku ya nne kiongozi wa msafara aliamua kurudisha watu chini. Elia alisema apumzike kidogo, atawafuata. Mwenzake mmoja alirudi kumtazama akamkuta amekaa nyuma ya jiwe, mikono ameificha kwapani, kichwa kimeinama. Alidhani amelala.

Tulimzika kihambani, kando ya baba, kwenye matope yaliyotufika vifundoni. Mkuu wa Kituo alikuja na viatu vyake vya ofisini. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Dada," alisema, "namba zako zilikuwa sahihi." Nadhani alitaka kunifariji. Mwaka uliofuata aliomba uhamisho, na hatukuwahi kulizungumza.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilipeleka koti. Wifi yangu Aika alikuwa amekaa jikoni na wanawake wa jirani, Baraka yuko mapajani. Alilitazama kana kwamba ni mtu ameingia.

"Ulilitoa wapi?"

"Alipita ofisini. Aliliacha."

"Aliliacha? Nilimwambia!" Sauti ilimpanda. "Nilimwambia mbele ya watoto, Elia, beba hili koti. Kwa nini aliliacha?"

Wanawake wote walinigeukia. "Alisema ni zito," nilijibu.

Hapakuwa na neno la uongo ndani ya hilo. Alisema hivyo kweli. Wifi yangu alilia kilio cha hasira, na kuanzia siku hiyo huzuni yake ilipata njia ya kupita, nayo ikapita humo miaka yote. Elia alikuwa mtu asiyesikia. Elia alikufa kwa ubishi wake. Godlisten akitoka na mvua bila kofia aliambiwa, "Unataka kuwa kama baba yako?" Mimi shangazi yao nilikuwepo, krismasi kwa krismasi, nikila mtori kwenye nyumba ile, nikisikia. Nilisaidia wapate shule. Niliuguza mtoto. Nilifanya kila kitu isipokuwa kufungua mdomo.

Kazi iliendelea. Wakuu wa Vituo walikuja na kuondoka: mmoja aliyependa rejista ziwekwe majalada ya kijani, mwingine aliyetuletea kompyuta ya kwanza na kuifunika kwa kitambaa cha meza. Siku hizi uwanjani kuna mlingoti wenye sanduku linalopima na kutuma lenyewe, na utabiri unaingia kwenye simu ya kila mtu, wapagazi wakiwamo. Waangalizi wa sasa wanaruhusiwa, tena wanahimizwa, kusema wanapoona hatari. Vijana niliowafundisha miaka yangu ya mwisho walidhani ilikuwa hivyo siku zote. Niliwafundisha kupanga mawingu, niliwafundisha duara la jua na pumzi za baromita. Mmoja aliniuliza kama niliwahi kuiona asubuhi ambayo haikupanda. Nilimwambia mara moja, nikaendelea na somo.

Nilistaafu nikapewa cheti na saa ya ukutani. Kwenye hotuba walisema sikuchelewa hata siku moja.

Mwaka huu Upendo alichumbiwa. Tulikusanyika kihambani, akina mama, kumenya ndizi za sherehe. Bibi arusi mwenyewe alikuwa kati yetu, mikono imejaa utomvu, tunamtania. Wifi yangu, ambaye sasa ana mvi kuliko mimi, akasema bila kuinua macho, "Mimi nakuombea jambo moja tu, mwanangu. Upate mwanamume anayesikia. Usipate kama baba yako."

Wote waliitikia amina. Upendo aliinamisha kichwa kukubali, kama mtu aliyelisikia hilo tangu utoto na hana la kubisha. Alikuwa mdogo sana Elia alipokufa. Kumbukumbu aliyo nayo ya baba yake ni hiyo tuliyompa.

Nilijikata kidole kwa kisu. Nikasingizia utomvu, nikatoka nje.

Nilingoja harusi ipite. Wiki iliyofuata nilishuka Kwa Sadala, nikachukua bodaboda mpaka kwenye kona ya kanisa, nikamalizia kwa miguu. Kulikuwa na ukungu, migomba inadondosha maji. Nilimkuta wifi anakata majani ya ng'ombe. Alinikaribisha, akataka kuweka chai, nikamwambia asiweke kwanza.

Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa. Nyuzi za alfajiri, zebaki, duara, Mkuu na mlango wake. Nilimwambia alichouliza Elia na nilichojibu, neno kwa neno. Hakunikatiza. Panga lilikuwa mkononi mwake na majani miguuni, na ng'ombe alikuwa anaita bandani.

"Alikuuliza," alisema hatimaye.

"Aliniuliza."

"Mara ngapi?"

Nilihesabu kichwani. "Mara tatu, wifi."

Alikaa juu ya gogo. Alizeeka mbele yangu wakati ule, na mimi sikuthubutu kukaa. "Mimi nimemtukana mtu huyu kaburini," alisema. "Miaka yote hii. Napita pale na ndoo ya maji, namwambia, umeona sasa? Na wewe ulikuwa unanisikia."

"Nilikuwa nakusikia."

Alinitazama mikono. Kwetu Uchaggani, mtu aliyekosa akienda kuomba msamaha hubeba sale, jani la ule mmea unaopandwa mipakani mwa vihamba. Mwenye kuletewa sale hawezi kukataa. Hata akiwa amechukia namna gani, akishalipokea jani yamekwisha.

"Hukuja na sale," alisema.

"Sikuja nalo."

"Limejaa njia nzima. Ulishindwa kukata hata moja?"

"Ungelazimika kunisamehe," nilimwambia. "Sikutaka ulazimike."

Ng'ombe aliita tena, akainuka, akayakusanya yale majani, akampelekea. Nilidhani ndiyo ameniaga. Aliporudi alikuwa anajifuta mikono kwenye kanga.

"Mimi sijui bado," alisema. "Usiniulize leo, wala mwezi ujao. Lakini watoto wangu nimewalisha uongo wako kwa mkono wangu. Nenda ukawaambie wewe. Mmoja mmoja, uso kwa uso, siyo kwa simu. Ukimaliza wote watatu, uje hapa tuone."

Nilianza na Godlisten, ana duka la vipuri Kwa Sadala. Alinisikiliza akiwa amesimama, akanifungulia mlango nitoke, na tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Upendo nilimfuata kwake. Alilia, akanitaka nirudie sehemu ya chai: alivyocheka, alichosema kuhusu bega lake. Nikarudia. Akaniomba tena.

Amebaki Baraka. Anafanya kazi Mwanza, naye hurudi mlimani Desemba kama watu wetu wote. Huyo hana sura ya baba yake hata moja kichwani. Nimejifikiria niseme nini kwanza, kama nianze na mawingu au na Mkuu au na karatasi iliyobandikwa juu ya redio, na nimeona vyote hivyo vinanitetea mimi. Nitamkalisha, na nitaanza kwa kumwambia kwamba baba yake aliuliza.